Athari za viuatilifu kwa uzazi wa wanyama jike

Athari za viuatilifu kwa uzazi wa wanyama jike ni mabadiliko yanayotokea katika homoni, ovari, mfuko wa uzazi, mimba, mayai au maziwa ya mnyama wa kike baada ya kukutana na kemikali zinazotumika kuua wadudu, kupe, magugu, kuvu au panya. Mabadiliko hayo yamethibitishwa kwa mamalia, ndege, reptilia, samaki na wadudu. Mara nyingi hayaambatani na dalili za kawaida za sumu. Mnyama hula, hutembea na huonekana mzima, lakini haingii kwenye joto, hashiki mimba, hutupa mimba au hutaga mayai yasiyoanguliwa.

Suala hili lina uzito wa pekee katika maeneo ya wakulima wadogo kama wilaya za Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, Tanzania. Huko ng'ombe, mbuzi, kuku na nyuki huishi hatua chache kutoka kwenye migomba, kahawa, mboga na nyumba za watu, na kila kimojawapo kina dawa zake.

Aina za viuatilifu

Viuatilifu hugawanywa kulingana na kinachouawa: viuawadudu, dawa za kupe, viuagugu, viuakuvu na sumu za panya. Kwa upande wa kemia, makundi muhimu kwa uzazi wa wanyama ni haya:

Organoklorini, kwa mfano DDT, dieldrini, lindani, toksafeni na endosulfani. Hazivunjiki upesi, huyeyuka katika mafuta na hukaa mwilini kwa miaka mingi. Nyingi zimepigwa marufuku.

Organofosfeti na kabameti, kwa mfano kloripirifosi, pirimifosi-methili na bendiokabu. Huvunjika mapema kuliko organoklorini, lakini huzuia kimeng'enya kinachohitajika na mishipa ya fahamu.

Pirethroidi, kwa mfano lambda-sihalothrini, sipamethrini na deltamethrini. Hutumika kwa mazao, mifugo na vyandarua. Ni sumu kali kwa samaki na nyuki.

Formamidini, hasa amitrazi, ambayo hutumika sana kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe.

Dithiokabameti, kwa mfano mankozebu, ambayo ni dawa ya kuvu inayotumika sana kwenye nyanya na viazi.

Triazini, kwa mfano atrazini, ambayo ni dawa ya magugu katika mahindi.

Jinsi viuatilifu vinavyoathiri uzazi

Kuvuruga homoni

Uzazi wa jike huongozwa na mawasiliano kati ya ubongo, tezi ya pituitari na ovari. Ubongo hutuma ishara, pituitari hutoa homoni, na ovari hujibu kwa kukuza yai na kutengeneza estrojeni na projesteroni. Kiuatilifu kinaweza kukata mawasiliano hayo mahali popote.

Baadhi ya kemikali huiga estrojeni. Mwaka 1968 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba mojawapo ya kemikali zilizomo katika DDT huufanya mfuko wa uzazi wa panya kukua kana kwamba mnyama amepewa homoni hiyo. Metoksiklori, iliyotengenezwa ili kuchukua nafasi ya DDT, hugeuzwa mwilini kuwa kemikali yenye tabia hiyohiyo.

Kemikali nyingine hazifanani na homoni yoyote, bali huzuia ishara ya ubongo. Ili yai litoke kwenye ovari, pituitari hulazimika kutoa homoni ya luteini kwa wingi na kwa wakati maalumu. Majaribio kwa panya yameonyesha kwamba atrazini, amitrazi na baadhi ya dithiokabameti huweza kupunguza au kuchelewesha mmiminiko huo. Yai huchelewa kutoka, au halitoki kabisa katika mzunguko ule.

Kuharibu ovari na mayai

Jike wa mamalia huzaliwa akiwa na akiba ya mayai machanga ambayo kwa kawaida haiongezeki tena. Dume huendelea kutengeneza mbegu mpya katika maisha yake ya utu uzima, lakini jike hutumia akiba aliyozaliwa nayo. Kwa sababu hiyo, kemikali inayoua mayai machanga hufupisha umri wa kuzaa, na hasara hiyo hairudishwi kwa kuondoa dawa baadaye. Panya waliopewa metoksiklori wakiwa wachanga walitoa mayai machache walipokomaa, na uzazi wao ulikoma mapema.

Kuathiri mimba, maziwa na watoto

Viuatilifu vingi hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia kijusi. Sumu kali ya organofosfeti humtikisa mama mwenyewe: mate humtoka, misuli hutetemeka, anapumua kwa shida, na anaweza kutupa mimba kutokana na hali hiyo. Kemikali zinazokaa kwenye mafuta hutoka pamoja na maziwa au kiini cha yai. Hivyo jike hupunguza mzigo wake kwa kuuhamishia kwa mtoto, na mtoto huupokea katika kipindi ambacho viungo vyake vya uzazi ndiyo kwanza vinaundwa.

Kipindi cha kukutana na dawa kina maana kuliko inavyodhaniwa. Kiasi ambacho hakimdhuru ng'ombe mzima kinaweza kumdhuru kijusi, na madhara yakaonekana miaka miwili au mitatu baadaye, wakati ndama yule amekuwa mtamba na anatarajiwa kupandwa.

Ushahidi kutoka kwa wanyama mbalimbali

Ndege

Mfano unaojulikana zaidi ni wa maganda ya mayai. Mwaka 1967 Derek Ratcliffe wa Uingereza alionyesha kwamba maganda ya mayai ya kozi yalikuwa yamepungua unene tangu DDT ilipoanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Pili. DDE, ambayo ni mabaki ya DDT mwilini, huzuia kalsiamu kufika kwenye ganda. Mama akiatamia, yai huvunjika chini yake. Barani Afrika, maganda membamba yalipatikana kwa tai wala samaki wa Ziwa Kariba nchini Zimbabwe, ambako DDT ilitumika dhidi ya mbung'o.

Reptilia

Mwaka 1980 kemikali za kiwanda, zikiwemo dikofoli na DDT, zilimwagika karibu na Ziwa Apopka, Florida, Marekani. Mwaka 1994 kundi la mwanabiolojia Louis Guillette lilieleza kwamba mamba wachanga majike wa ziwa hilo walikuwa na estrojeni karibu mara mbili ya wenzao wa ziwa safi. Ovari zao zilikuwa na vifuko vyenye mayai zaidi ya moja, jambo lisilo la kawaida. Mamba hao hawakuwa wamekufa wala kuumwa. Tofauti ilionekana pale tu walipopimwa.

Samaki

Samaki jike hutengeneza kwenye ini protini inayolisha kiini cha yai, kwa amri ya estrojeni. Viuatilifu vinavyopunguza estrojeni hupunguza protini hiyo, na mayai hubaki madogo au hayakomai. Samaki pia hupokea kemikali moja kwa moja kupitia matamvua, hivyo kiasi kidogo majini huweza kuwa kikubwa kwake.

Nyuki

Kundi zima la nyuki hutegemea jike mmoja, yaani malkia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba malkia waliokuzwa katika makundi yaliyolishwa viuatilifu vya neonikotinoidi walikuwa na ovari zilizobadilika, na mbegu za dume walizohifadhi zilikuwa pungufu.

Hali ya Bukoba na Muleba

Kilimo na ufugaji

Bukoba na Muleba ziko magharibi mwa Ziwa Viktoria. Mji wa Bukoba hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Makazi ya Wahaya hujengwa ndani ya kibanja, yaani shamba la migomba lililochanganywa na kahawa, maharage na miti, huku mbuga ya nyasi iitwayo rweya ikitumika kwa malisho. Udongo wa kibanja umedumishwa kwa vizazi vingi kwa samadi. Kwa hiyo ng'ombe asiyezaa humnyima mwenye nyumba maziwa na ndama, na akiuzwa bila kuacha mrithi, migomba nayo hukosa mbolea.

Mbali na ng'ombe wa asili wenye pembe ndefu, familia nyingi hufuga ng'ombe chotara wa maziwa mmoja au wawili ndani ya banda. Baadhi waliwapata kwa utaratibu wa "kopa ng'ombe, lipa ng'ombe", ambapo anayepewa mtamba hutoa ndama jike kwa jirani anayefuata. Katika utaratibu huo mtamba tasa humrudisha nyuma zaidi ya mtu mmoja.

Dawa za kupe

Kupe hueneza ndigana kali na ndigana baridi, magonjwa yanayoua ng'ombe chotara haraka kuliko wa asili. Ndiyo maana ng'ombe wa maziwa huogeshwa mara kwa mara, katika josho au kwa bomba la mkono, mara nyingi kila wiki. Historia ya majosho ya Afrika Mashariki ni historia ya kubadilisha kemikali kila kupe walipozoea iliyotangulia: aseniki, kisha toksafeni na organoklorini nyingine, kisha organofosfeti, na sasa amitrazi na pirethroidi.

Dawa ikichanganywa kwa kipimo sahihi, faida yake kwa mifugo ni kubwa kuliko hatari. Tatizo huanza pale dawa inapozidishwa kwa sababu kupe hawafi, au pale dawa ya nyanya inapotumika kwa ng'ombe kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Bomba moja kutumika shambani na bandani bila kuoshwa huleta hatari hiyohiyo. Ng'ombe huipokea dawa kupitia ngozi, na pia kwa kujilamba. Ndama hunyonya chuchu zilizopuliziwa.

Mazao

Kahawa ya robusta na migomba ya Kagera hailazimiki kutegemea viuatilifu vingi, na sehemu ya kahawa inayouzwa kupitia chama kikuu cha ushirika cha KCU ni ya kilimo hai. Matumizi makubwa zaidi hutarajiwa katika nyanya, kabichi na mboga nyingine za biashara. Kuingia kwa kantangaze, nondo anayeshambulia nyanya, nchini Tanzania mwaka 2014 na viwavijeshi vamizi mwaka 2017 kuliwafanya wakulima wengi kupuliza mara nyingi zaidi.

Ng'ombe wa bandani haendi shambani, lakini shamba humfuata. Huletewa majani yaliyokatwa pembezoni mwa bustani, mabua ya mahindi na maganda ya ndizi. Kuku huokota punje zilizochanganywa na dawa ya unga ya kuhifadhia nafaka na maharage. Maji ya mvua hubeba mabaki kutoka kwenye miteremko hadi mabondeni, ambako wanyama hunywa.

Dawa-ukoko dhidi ya malaria

Muleba ni miongoni mwa wilaya za Tanzania zilizochunguzwa sana kuhusu upuliziaji wa dawa-ukoko kwenye kuta za nyumba. Upuliziaji ulianza mwaka 2007 kwa lambda-sihalothrini. Mbu walipoonyesha usugu, ilitumika bendiokabu, na mwaka 2015 pirimifosi-methili ilitumika katika jaribio kubwa ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2018. Upuliziaji huo ulipunguza maambukizi ya malaria kwa watoto, na faida hiyo haiwezi kupuuzwa.

Kwa wanyama, hatari iko pembeni ya kazi yenyewe: kuku na mbuzi wanaolala ndani ya nyumba, mizinga iliyo karibu na kuta, na maji ya kuoshea mabomba. Ndiyo maana taratibu za upuliziaji hutaka wanyama, chakula na vyombo vitolewe nje kwanza, na maji machafu yatupwe katika mashimo maalumu. Nchini Afrika Kusini, ambako DDT iliendelea kutumika kwenye kuta, mabaki yake yalipatikana katika mayai ya kuku wa kienyeji wanaochakura kuzunguka nyumba zilizopuliziwa.

Ziwa Viktoria

Mwishoni mwa miaka ya 1990 baadhi ya wavuvi wa Ziwa Viktoria walitumia viuatilifu kuua samaki. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa ziwa hilo kutoka Kenya, Uganda na Tanzania kuingia katika soko lake. Katazo liliondolewa baada ya nchi hizo kuimarisha ukaguzi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta mabaki ya fenitrothioni, DDT na endosulfani katika sato na sangara wa upande wa Tanzania, kwa jumla yakiwa ya kiwango cha chini.

Uvuvi wa sumu huua samaki bila kuchagua. Sato jike hubeba mayai na vifaranga kinywani mwake, hivyo akifa huangamia pamoja na kizazi alichokibeba.

Ugumu wa kutambua chanzo

Ng'ombe asiyeshika mimba hana alama inayoonyesha kwamba kiuatilifu ndicho kilichosababisha. Dalili hizohizo huletwa na lishe duni, upungufu wa madini, uhimilishaji uliofanyika kwa wakati usiofaa, homa ya Bonde la Ufa, ndorobo na brusela, ambayo wafugaji huiita ugonjwa wa kutupa mimba. Kwa kuwa brusela humwambukiza binadamu, kijusi kilichotupwa na kondo lake havishikwi kwa mikono mitupu, bila kujali chanzo kinachodhaniwa.

Muda nao huficha ukweli. Ng'ombe huingia kwenye joto kila baada ya siku 21 hivi, na mimba yake huchukua kama siku 280. Aliyekosa kushika mimba mara tatu mfululizo amepoteza zaidi ya miezi miwili, na kufikia hapo ni vigumu kukumbuka dawa ipi ilipuliziwa siku ipi.

Kwa hiyo uchunguzi mzuri huanza na kumbukumbu. Tarehe za joto, uhimilishaji, kuogesha na kupuliza bustani zikiandikwa katika daftari moja, daktari wa mifugo anaweza kuona kama matatizo hufuata dawa fulani. Hatua inayofuata ni kupima damu ili kuondoa shaka ya magonjwa ya kuambukiza. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania una kituo Mwanza kinachohudumia Kanda ya Ziwa. Wanyama wengi wa jirani wakitupa mimba kwa wakati mmoja, ugonjwa hushukiwa kwanza. Wakipata tatizo wale tu waliokula majani ya shamba moja, sumu hushukiwa.

Kinga

Kwa kuwa akiba ya mayai hairudi na kijusi hakitibiwi, kuzuia ndiyo njia kuu. Hatua zinazopendekezwa ni pamoja na:

- Kutumia kwa mifugo dawa za mifugo pekee, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kifungashio, na kusoma maelezo yanayohusu wanyama wenye mimba na wanaonyonyesha.
- Kutenga bomba la banda na bomba la bustani.
- Kubadili kundi la dawa kwa ushauri wa mtaalamu kupe wasipokufa, badala ya kuongeza kipimo.
- Kuosha na kukausha chuchu kabla ya ndama kunyonya, na kuzingatia muda wa kusubiri kabla ya kunywa maziwa au kuchinja.
- Kutokata majani ya ng'ombe katika shamba lililopuliziwa mpaka muda ulioandikwa kwenye dawa upite.
- Kuwatoa kuku, mbuzi na ndama nje kabla ya upuliziaji wa nyumba.
- Kutotumia makopo ya dawa kunyweshea wanyama, hata yakioshwa.
- Kupuliza jioni nyuki wanapokuwa wamerudi mizingani, na kuacha kabisa wakati wa maua.

Njia zisizo za kemikali hupunguza haja ya dawa. Ipo chanjo ya ndigana kali, ingawa haiondoi kabisa haja ya kudhibiti kupe. Fukusi wa migomba hupunguzwa kwa machipukizi safi, usafi wa shina na mitego ya vipande vya mgomba. Maruku, karibu na mji wa Bukoba, kuna kituo cha utafiti wa kilimo kinachoshughulikia migomba. Dawa za mitishamba nazo huhitaji uangalifu: utupa, mmea unaojulikana Afrika Mashariki kwa kuua wadudu, ndio huohuo uliotumika tangu zamani kulevya samaki.

Sheria na mikataba

Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, ulioanza kutumika mwaka 2004, ulipiga marufuku au kubana matumizi ya organoklorini nyingi. DDT iliruhusiwa kwa udhibiti wa wadudu waenezao magonjwa pekee. Lindani iliongezwa mwaka 2009, endosulfani mwaka 2011 na metoksiklori mwaka 2023.

Nchini Tanzania, Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 iliunda Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, yenye makao makuu Arusha. Mamlaka hiyo ilirithi kazi za taasisi ya utafiti wa viuatilifu iliyokuwa ikijulikana kama TPRI, na husajili viuatilifu na kukagua wauzaji. Dawa isiyo na usajili, iliyopimwa upya katika chupa ya soda au isiyo na maelezo, humnyima mfugaji habari pekee zinazoweza kumlinda mnyama mwenye mimba: jina la kemikali, kipimo na muda wa kusubiri.

Tazama pia

- Kiuatilifu
- Kupe
- Ndigana kali
- Mkoa wa Kagera
- Ziwa Viktoria